Vijidudu Viuavyo na Vijidudu Vilishavyo

Katikati ya mwaka 2016, watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania walianza kufika vituo vya afya wakiwa na macho ya manjano, matumbo yamewavimba, wengine wakitapika. Waliougua walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani yaliyoota kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Kuvu hiyo hutengeneza aflatoksini, sumu ambayo Watanzania siku hizi huiita sumukuvu. Kenya ilikuwa imekwisha kupitia msiba huo: mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya za jirani zilishuhudia sumu hiyohiyo ikiwapata watu 317 na kuwaua 125.

Ajabu ni kwamba mojawapo ya silaha bora dhidi ya kuvu hiyo ni kuvu hiyohiyo. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki (IITA), pamoja na wenzao wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, walichambua udongo na mazao wakapata aina za Aspergillus flavus ambazo kwa maumbile haziwezi kutengeneza sumu. Aina hizo hupakwa juu ya punje za mtama zilizouawa kwa joto ili zisiote, na mkulima huzimwaga shambani wiki mbili tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Kuvu isiyo na sumu huwahi nafasi, ikatamalaki udongo na mahindi, na ile yenye sumu ikakosa pa kuota. Bidhaa hiyo huitwa Aflasafe, na kila nchi hutumia aina zilizotoka katika udongo wake. Mazao ya shamba lililotibiwa kwa kawaida huwa na sumukuvu pungufu kwa asilimia 80 au zaidi.

Kisa hiki kinabeba swali zima la mikrobiolojia, yaani elimu ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Mabango ya afya na masomo ya usafi yamewazoesha watu wengi kuvitazama vijidudu kwa jicho moja tu, jicho la hofu. Hofu hiyo ina sababu zake, maana kipindupindu, kifua kikuu na malaria vimejaza makaburi. Lakini aina nyingi mno za vijidudu hazina madhara yoyote kwa binadamu, na kuna kazi ambazo zikikoma kufanywa navyo, shamba, mifugo na mwili wa mtu mwenyewe havidumu. Hata vile viuavyo, madhara yake hutegemea viko wapi, vimekutana na nani, na watu wanaoishi navyo wanajua nini juu yake. Jambo hili la tatu, la maarifa, ndilo linaloamua mengi kuliko yote.

Ukoo mpana usioonekana

Jina moja la vijidudu linakusanya viumbe waliotofautiana kuliko tembo anavyotofautiana na mchicha. Bakteria ni seli moja isiyo na kiini. Akea wanafanana nao kwa sura, lakini mwaka 1977 Mmarekani Carl Woese alionyesha, kwa kulinganisha chembe za urithi, kwamba ni ukoo wa peke yake. Kuvu zimo humu pia, kuanzia hamira ya mkate hadi ukungu wa mahindi. Wamo protozoa, kama vile vimelea vya malaria na malale, na wamo mwani wadogo wa majini. Virusi viko pembeni: havina seli, haviwezi kuzaana bila kuingia katika seli ya kiumbe kingine, na wanasayansi bado wanajadiliana kama viitwe viumbe hai.

Udogo wao ni vigumu kuufikiria. Bakteria wa utumbo aitwaye Escherichia coli ana urefu wa takribani sehemu mbili za elfu za milimita, hivyo 500 wakijipanga mstari mmoja wanatosha ndani ya milimita moja. Idadi yao nayo inashangaza. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, wakati seli zake mwenyewe ni kama trilioni 30.

Aliyewaona kwanza hakuwa profesa. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft, Uholanzi, aliyesugua lenzi kwa mikono yake, na mwaka 1676 aliwaandikia wataalamu wa London kuhusu viumbe wadogo aliowaona ndani ya maji. Zaidi ya karne moja na nusu ilipita kabla ya uvumbuzi huo kuzaa tiba. Katika miaka ya 1860, Mfaransa Louis Pasteur alithibitisha kwamba kuchacha na kuoza ni kazi ya vijidudu, na kwamba mchuzi uliochemshwa na kukingwa dhidi ya vumbi la hewa hauharibiki. Mjerumani Robert Koch akaenda mbele: tarehe 24 Machi 1882 alitangaza mjini Berlin kwamba amempata bakteria wa kifua kikuu. Maabara za Koch zilisaidiwa mno na ushauri wa Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyependekeza bakteria waoteshwe juu ya agari, utomvu wa mwani wa baharini aliokuwa akiutumia jikoni. Mpaka leo maabara za dunia nzima huotesha bakteria juu ya agari.

Ujuzi wa kibuyu na chungu

Kabla ya hadubini, jamii za Afrika Mashariki zilikuwa zinafuga vijidudu kwa ustadi. Mwanamke wa Tanzania anayepika uji wa mahindi au mtama, akauacha upoe, akautia kimea na kuuacha uchachuke hadi uwe togwa, anawaandalia bakteria wa asidi ya maziwa mazingira wanayoyapenda. Wakalenjin wa Kenya hutengeneza mursik kwa kuhifadhi maziwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa miti maalumu. Wachaga huunganisha ndizi na ulezi kupata mbege, na hapo hamira ndiyo hugeuza sukari kuwa kileo.

Katika togwa na mtindi kinachotendeka ni hiki: bakteria hula sukari na kutoa asidi, asidi hupanda, na bakteria wengi waletao kuhara hushindwa kuishi ndani yake. Utafiti uliofanywa Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto wadogo waliokunywa togwa walikuwa na vijidudu vya kuhara vichache katika kinyesi chao kuliko waliokunywa uji wa kawaida. Kwa familia isiyo na jokofu, hiyo ni kinga kubwa na ya bei ndogo.

Kinga hiyo ina mipaka yake. Maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa yanaweza kubeba bakteria wa brusela au wa kifua kikuu, na kuyagandisha tu hakutoshi kumhakikishia mnywaji usalama. Ndiyo maana wataalamu wa maziwa husisitiza yachemshwe kwanza, kisha yapozwe na kutiwa mbegu ya mtindi. Ujuzi wa mama na ujuzi wa maabara hapa vinahitajiana.

Wafanyakazi wa udongo, matumbo na maziwa ya magadi

Hewa ina nitrojeni asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa gesi. Kwenye mizizi ya kunde, maharage na soya kuna vinundu vidogo, na ndani yake wanaishi bakteria wa rizobia wanaoigeuza gesi hiyo kuwa chakula cha mmea, nao mmea huwalipa kwa sukari. Kunde hupatana na rizobia wengi waliomo katika udongo wa Afrika. Soya, iliyotoka Asia, mara nyingi huchagua, na shamba lisilo na rizobia wanaoifaa humpa mkulima mavuno hafifu. Kwa sababu hiyo Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza Biofix, unga wenye rizobia hai ambao mkulima huuchanganya na mbegu kabla ya kupanda. Pakiti hiyo ndogo hugharimu sehemu ndogo tu ya bei ya mfuko wa mbolea ya viwandani. Tatizo lake ni kwamba ni kiumbe hai: ikikaa juani dukani, bakteria hufa, na mkulima hununua vumbi.

Ng'ombe naye hawezi kuyeyusha majani kwa nguvu zake. Tumbo lake la kwanza ni kiwanda cha bakteria, protozoa na kuvu wanaovunja nyuzi za nyasi na kumpatia mnyama nguvu. Mchwa nao hutegemea vijidudu kumeng'enya miti. Katika tumbo la ng'ombe wamo pia akea wanaotengeneza methani, gesi ambayo mnyama huicheua na ambayo huongeza joto la dunia.

Akea wa namna hiyo wapo pia chini ya Ziwa Kivu, kati ya Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maji ya kina cha ziwa hilo yamebeba kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani, iliyotokana na kazi yao ya miaka mingi, pamoja na kilomita za ujazo zipatazo 300 za kaboni dioksidi. Mzigo huo ni hatari. Mwaka 1986, Ziwa Nyos la Kamerun lilitapika kaboni dioksidi ghafla na kuua watu wapatao 1,700, na Kivu lina gesi nyingi zaidi na watu wengi zaidi kandokando yake. Lakini ni utajiri pia. Tangu 2016 mtambo wa KivuWatt upande wa Rwanda huvuta gesi hiyo na kuzalisha megawati 26 za umeme, huku ukipunguza shinikizo lililoko chini ya maji. Kinachochafua hewa kikitoka kinywani mwa ng'ombe kinawasha taa za Kigali.

Mashariki zaidi, katika Bonde la Ufa, maziwa ya magadi ya Bogoria, Nakuru na Natron yana maji makali ambayo viumbe wengi hawayawezi. Humo hustawi sianobakteria wa Arthrospira, ambao ndio chakula kikuu cha heroe wadogo, ndege wanaofahamika pia kama flamingo. Rangi ya waridi ya ndege hao hutokana na chakula hicho. Ziwa Natron, Tanzania, ndilo mazalio yao makuu duniani, na wastani wa heroe wadogo watatu kati ya wanne hutotolewa hapo. Sianobakteria akitoweka, heroe hupotea na watalii hupungua.

Bakteria wengine wa maziwa hayo walisafiri mbali. Katika miaka ya 1990, vimeng'enya vilivyotokana na bakteria wa maziwa ya magadi ya Kenya vilianza kutumika viwandani ng'ambo kutengeneza sabuni za unga na kufifisha rangi ya suruali za jinzi, kwa kuwa vinafanya kazi vizuri ndani ya maji ya magadi ambayo huharibu vimeng'enya vya kawaida. Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya (KWS) lilijitokeza mwaka 2004 kudai kwamba sampuli zilitumika kibiashara bila kibali chake na bila Kenya kupata mgawo. Mwaka 2007 shirika hilo liliingia mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark wenye masharti ya kugawana faida na maarifa, na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaweka kanuni za namna hiyo kimataifa. Funzo lake ni zito: nchi isiyojua kilichomo ndani ya maji yake haiwezi kukidai.

Maradhi, na jinsi eneo hili lilivyoyageuza

Historia ya mikrobiolojia ya tiba ilipitia Afrika Mashariki mapema, na haikuwa na huruma. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yaliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria nchini Uganda. Mwaka 1903, David Bruce na wenzake huko Entebbe walibaini kwamba ugonjwa huo huletwa na protozoa wa Trypanosoma anayebebwa na mbung'o. Robert Koch mwenyewe alifika Visiwa vya Sese mwaka 1906 na kuwadunga wagonjwa dawa ya arseniki iitwayo atoksili. Wengine walipata nafuu ya muda, na baadhi yao dawa hiyo iliwapofusha. Wagonjwa hao walikuwa uwanja wa majaribio, wala hawakuwa na sauti katika jambo lililofanywa miilini mwao.

Mambo mengine yalikwenda vizuri zaidi. Sotoka, ugonjwa wa virusi vya ng'ombe, uliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 na ndani ya miaka michache ukafyeka sehemu kubwa mno ya mifugo ya Wamaasai na jirani zao, njaa ikafuata. Baadaye, katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake waliviotesha virusi hivyo ndani ya seli za figo ya ndama, kizazi baada ya kizazi, mpaka vikapoteza ukali lakini vikabaki na uwezo wa kuamsha kinga. Chanjo hiyo ya miaka ya 1960 ilienea Afrika na Asia, na mwaka 2011 sotoka ikatangazwa kutokomea duniani. Ni ugonjwa wa pili tu katika historia kutokomezwa, baada ya ndui.

Muguga ikazaa pia kinga ya ndigana kali, ugonjwa wa kupe unaoua ndama wengi wa Afrika Mashariki. Kisababishi chake, Theileria parva, ni protozoa. Wataalamu hawakupata njia ya kumdhoofisha, wakaamua kumtumia akiwa hai na mkali: ng'ombe hudungwa vimelea vilivyotolewa kwenye kupe, na papo hapo hupewa antibiotiki ya kudumu muda mrefu mwilini. Dawa huzuia ugonjwa usipande, mwili hupata muda wa kujenga kinga, na mnyama huishi. Wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea kinga hiyo kwa wingi na huilipia wenyewe, kwa kuwa wameona ndama wao wakikua.

Kifua kikuu kilihitaji subira ya namna nyingine. E. coli akiwa katika hali nzuri hugawanyika kila dakika 20, lakini bakteria wa kifua kikuu huchukua karibu siku nzima. Mwendo huo wa taratibu humfanya awe mgumu kuuawa, na zamani mgonjwa alitakiwa kumeza dawa kwa miezi 18 au zaidi. Wengi waliacha njiani. Katika miaka ya 1970, majaribio yaliyofanywa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, yalithibitisha kwamba mchanganyiko wenye rifampisini unaweza kumponya mgonjwa kwa miezi sita. Tiba ya miezi sita inayotolewa leo duniani kote ina mizizi katika wodi hizo.

Silaha inayopoteza makali

Antibiotiki nyingi ni zao la vijidudu vyenyewe. Penisilini aliyoiona Alexander Fleming mwaka 1928 ilitolewa na kuvu, na streptomaisini ya mwaka 1943 ilitoka kwa bakteria wa udongo. Vijidudu vimetumia kemikali hizi kupigania nafasi tangu zamani za kale, kwa hiyo vimekuwa pia vikibuni njia za kujikinga nazo. Katika mabilioni ya bakteria walio mwilini mwa mgonjwa, wachache huweza kuwa na mabadiliko ya urithi yanayowaokoa na dawa. Dozi ikikatizwa, dhaifu hufa na wagumu hubaki kuzaana. Zaidi ya hapo, bakteria hupeana vipande vya urithi, hata kati ya aina tofauti, na uwezo wa kuhimili dawa ukaenea kwa kasi.

Fleming alionya kuhusu jambo hili katika hotuba yake ya Nobeli mwaka 1945. Onyo lake linagusa moja kwa moja maduka ya dawa ya miji ya Afrika Mashariki, mahali ambapo mtu hununua vidonge vichache bila cheti, akavitumia kwa mafua ambayo ni ya virusi na hayasikii antibiotiki kabisa, akaacha akijisikia nafuu. Linagusa pia mabanda ya kuku, ambako dawa hutiwa katika maji ya kunywa hata kwa ndege wasiougua. Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumizwa zaidi kwa kulinganisha na idadi ya watu wake.

Nani atawajua

Mwaka 2020, watafiti wa kituo cha icipe nchini Kenya walitangaza kwamba baadhi ya mbu wa Anopheles arabiensis katika maeneo ya Ziwa Viktoria hubeba kijidudu kiitwacho Microsporidia MB, na kwamba mbu walio nacho hawabebi vimelea vya malaria. Kijidudu hicho hakimuui mbu. Hupita kutoka kwa mbu jike kwenda kwa mayai yake, na huambukizwa pia wakati wa kujamiiana, jambo linaloleta matumaini ya kukieneza kwa makusudi. Bado ni kazi ya maabara na majaribio ya nje, na malaria haijapungua kijiji chochote kwa sababu yake. Lakini kiligunduliwa kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa hapohapo, wakakusanya mbu wa hapohapo, wakawa na vifaa vya kuchunguza kilichomo ndani yao.

Uwezo huo ndio unaokosekana mahali pengi. Uchunguzi wa nchi 14 za Afrika uliotangazwa mwaka 2022, zikiwemo Kenya, Uganda na Tanzania, ulikuta kwamba kati ya maabara za tiba zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria. Daktari anayemtibu mtoto mwenye homa kali katika hospitali ya wilaya mara nyingi huchagua antibiotiki kwa kukisia, maana hakuna wa kumwambia ni bakteria gani aliyemo katika damu ya mtoto huyo wala ni dawa ipi inayomweza. Kuziba pengo hilo hakusubiri uvumbuzi mpya: agari, kabati la joto la kuoteshea, umeme usiokatika na mishahara ya wataalamu wa maabara ambao vyuo vya eneo hili tayari vinawafundisha, vyote ni mambo yanayoweza kuingizwa katika bajeti ya mwaka ujao wa fedha.